Maswali ya wasomaji: Jeti zangu zinatoka kama ziko chini ya maji

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi napenda kupiga picha zile jeti ndogo za matajiri, na kiwanja nilicho karibu nacho ni kidogo tu, ndege chache kwa siku. Nina lenzi ya milimita 70-300, nasimama nje ya uzio kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana maana ndo muda nilionao, ila ndege ikiwa chini inatoka imelegea, namba ya usajili haisomeki. Zingine nyeupe yote imeungua. Kuna jamaa kaniambia ninunue lenzi ya milimita 600, inayovuta karibu zaidi. Ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue, bado. Hayo ni mazigazi, yaleyale unayoyaona barabarani jua likiwaka lami inaonekana kama ina maji. Lami ikipata moto inapasha hewa iliyo juu yake, hewa ya moto inapanda ya baridi inashuka, na mwanga ukipita humo unapindapinda mpaka ufike kwenye lenzi umeshayumba. Sasa ukiweka 600 utakuwa umeyavuta karibu mazigazi yenyewe, ndege itakuwa kubwa lakini imelegea vilevile na hela imeshaenda. Dawa ni saa na umbali. Nenda asubuhi jua likichomoza mpaka saa tatu hivi, au jioni kuanzia saa kumi na moja, au siku ya mawingu. Kama muda wako ni huo wa mchana tu basi achana na zilizo chini, piga zinazokuja kutua, maana ukielekeza lenzi juu hauchungulii kupitia hewa ya lami. Na kama kuna mahali kati yako na ndege ni majani matupu, simama hapo, majani hayapati moto kama lami.

Halafu hujaniambia unasimama upande gani. Ndege inaruka na kutua ikielekea upepo unakotoka, kwahiyo kabla hujatoka nyumbani angalia upepo, ukiona ranwei imeandikwa 09 na 27 ujue moja inaelekea mashariki nyingine magharibi, mengine ni hesabu yako na jua liwe mgongoni. Mimi niliwahi kukaa saa mbili nzima kwenye jua nikisubiri jeti moja, upepo ukageuka, ikarukia upande wa pili nikaambulia mkia. Tena hizi ndogo zinaruka mapema, zikiwa nyepesi hazimalizi ranwei, ukikaa mwishoni kama unasubiri Boeing utapiga tumbo tu, kaa karibu na katikati. Jeti hizi hazina ratiba ya kubandikwa ukutani, mwenyewe akichelewa na ndege inachelewa, ila angalia taa nyekundu ya kumweka juu ya mgongo wa ndege. Marubani wanaiwasha kabla ya kuwasha injini, ukiiona weka soda chini.

Kuhusu nyeupe kuungua, kamera inadhani kila kitu duniani ni kijivu. Jeti nyeupe mbele ya miti myeusi, inaona giza inaongeza mwanga, nyeupe inakufa, hapo punguza mwanga kidogo kwenye kamera. Jeti hiyohiyo mbele ya anga jeupe, inafanya kinyume na ndege inatoka nyeusi, hapo ongeza. Spidi ya shata weka 1/1000 ya sekunde ikiwa angani, jeti haina panga la kuonyesha linazunguka kwahiyo hupotezi kitu. Ila ikija ndege ya panga kama PC-12 au King Air shuka mpaka kama 1/200, la sivyo panga litaganda utadhani injini imezimika angani.

SWALI: Uzio wa kwetu ni senyenge yenye matundu madogo, na mlinzi hanipendi. Nifanyeje?

JIBU: Gusisha lenzi kwenye senyenge, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nyaya zitayeyuka. Mlinzi msalimie kabla hajakufuata, mwambie unapiga nini, muonyeshe picha, ukitokea kichakani na lenzi ndefu hata mimi ningekufukuza. Na kama kiwanja kinatumiwa na jeshi pia, usitoe kamera kwenye begi mpaka uwe na kibali cha maandishi. Abiria wanaopanda usiwapige sura, wewe umefuata ndege.

SWALI: Kaka, nimeona jeti ina injini tatu, wenzangu wanasema nimeota.

JIBU: Hujaota, hiyo ni Falcon ya kampuni ya Dassault, inaweza kuwa 50, 900, 7X au 8X, injini ya tatu inavuta hewa kupitia lile domo lililo juu ya mgongo, chini ya mkia. Gulfstream utaijua kwa madirisha makubwa ya mviringo yaliyolala, hesabu, G650 ina manane kila upande na G550 ina saba. HondaJet injini zimekaa juu ya mabawa, hiyo hata mtoto haikosei. Usajili nao usikuchanganye, angalia mwanzo wake, M ni Isle of Man, 9H ni Malta, T7 ni San Marino, na mwenye ndege huenda hajawahi kulala hata usiku mmoja huko.