Streif ni fupi, lakini haikuachii nafasi ya kuvuta pumzi

Ndugu, umeuliza kwa nini Streif ya Kitzbühel, Austria, njia ya mbio za kuteleza kwa ski kushuka mlima, inaogopwa kuliko njia nyingine kama hiyo, Lauberhorn ya Uswisi, wakati Lauberhorn ndiyo ndefu zaidi. Ni kweli, Lauberhorn ina karibu kilomita 4.5 na Streif mita 3,312 tu. Ila usipime kwa urefu, angalia sekunde kumi za mwanzo. Mtelezaji anatoka kwenye kibanda cha kuanzia, anajisukuma kwa fimbo mara chache, na kabla hajakaa sawa keshafika Mausefalle, maana yake mtego wa panya. Pale mteremko unafikia asilimia 85. Ardhi inamtoka miguuni, anapaa makumi ya mita, anatua, na kona inamsubiri palepale. Mara Steilhang, yaani mteremko mkali: barafu tupu, nyavu za usalama ziko pembeni kabisa. (Wengi wanadhani ni theluji laini. Hapana, njia hutiwa maji makusudi igande.) Akiteleza vibaya hapo, anaingia sehemu ya tambarare bila kasi, na ushindi umeshamponyoka.

Mimi roho hunidunda zaidi kwenye Hausbergkante, ukingo wa kurukia ulio karibu na mwisho. Mapaja yanawaka moto, naye anatakiwa kuruka tena, akate kushoto, kisha ashuke kwa kasi inayokaribia kilomita 140 kwa saa. Mtelezaji Fritz Strobl wa Austria aliimaliza Streif kwa dakika 1 na sekunde 51.58 mwaka 1997. Didier Cuche wa Uswisi ameshinda pale mara tano, na kwangu huyo ndiye mwenye mlima.