Mradi Ukija Kijijini, Ulizeni Kabla ya Kusaini

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Mabogini, Moshi. Kikundi chao kimeahidiwa mradi wa mboga: mbegu, mipira ya kumwagilia kwa matone na mtaalamu kutoka ng'ambo. "Dada, karibu tunasaini. Unatushauri nini?" Jibu nimeona nililete hapa, maana najua wengi wenu mnautamani mradi kama huo.

Mimi ni mkulima wa nyanya, Arumeru. Mwaka 2014 kantangaze aligunduliwa nchini kwa mara ya kwanza, na ilikuwa huku huku kwetu, Ngabobo, kata ya King'ori. Wataalamu humwita Tuta absoluta, nondo mwenye asili ya Amerika Kusini. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, dawa inapita juu yeye anaendelea kula. Tulipiga dawa mpaka hela ikatuishia, na nyanya zikaoza shambani.

Ndipo mradi ukaja. Tukapewa mitego yenye harufu ya nondo jike. Dume huifuata akafia kwenye ndoo ya maji. Ilinasa kweli, siwezi kuwanyima haki yao. Lakini kile kivutio hupoteza nguvu baada ya wiki kadhaa, na kipya kilitoka kwenye gari la mradi tu. Maduka ya pembejeo ya kwetu hayakuwa nacho. Mradi ulipofungwa, tukabaki na ndoo. Mnunuzi tuliyeahidiwa naye pia hakutokea. Picha yangu nikiwa na tenga la nyanya iliwekwa kwenye kijitabu chao, na nyanya za tenga lile lile nikamwachia dalali kwa bei aliyoitaka yeye. Mpaka leo linaniuma.

Nilichobaki nacho ni maneno ya bibi shamba wetu. Kitalu funika kwa neti. Jani lenye michirizi ling'oe mapema. Masalia fukia, usitupe pembeni mwa shamba. Baada ya nyanya usiweke viazi mviringo, biringanya wala mnavu, maana mdudu ni yule yule. Weka mahindi au maharage. Hakuna hata moja linalosubiri gari la mtu. Kwa kuyashika hayo nimefungua kitalu cha miche, na wakulima wa Maji ya Chai na Kikatiti wanakuja kununua kwangu. Najivunia, na nitazidi kujivunia.

Basi ndugu zangu, kila mnachopewa, ulizeni: mradi ukiondoka, hiki tutakinunua wapi, kwa shilingi ngapi? Mbegu ni chotara au tunaweza kukamua zetu? World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga, wapo Tengeru tangu miaka ya tisini, wakati ule wakiitwa AVRDC, na utafiti wa pale Tengeru ndio uliotupa Tanya na Tengeru 97, nyanya ambazo mkulima anaweza kujiwekea mbegu. Huo ndio msaada ninaouheshimu. Posho ya semina huisha kabla hujafika nyumbani. Ulizeni tena na tena, hata mkionekana wasumbufu. Anayekasirikia swali la bei hajaja kwa ajili yenu.

Na wewe mdogo wangu wa Mabogini, kwenu swali la kwanza ni maji. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, huko kwenu, ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Wajapani, na mpunga ulikubali sana. Ulikubali kiasi kwamba wa juu, nje ya skimu, nao wakachimba mifereji yao wakalima mpunga, na maji ya mto Rau na Njoro yakapungua kwa walioko chini. Utaalamu ulienea, mito ikabaki ile ile. Kwa hiyo kabla ya kupokea hata mpira mmoja, nendeni kwenye umoja wa watumia maji mkaulize zamu yenu kiangazi ni siku zipi, na wa juu wamekubali nini. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, viongozi wa umoja wasaini, ndipo nanyi msaini.