Kompyuta imesema hivi, tochi imesema vile

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 8, mwalimu aliniambia anafinya macho akisoma ubaoni. Duka la miwani walimpima kwa kompyuta, karatasi ikatoka na -2.25 macho yote mawili. Hospitali wakammulika kwa tochi ndogo huku wakibadilisha vioo, wakasema -0.50 tu, turudi akatiwe matone. Nimwamini nani? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba mama. Miwani ya -2.25 usiitengeneze kwanza (namba ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni kinyume chake).

Muulize binti aliona nini mle ndani ya mashine. Nyingi huonyesha puto au nyumba mwisho wa barabara ndefu. Picha ile hufifishwa makusudi ili jicho lilegee kama linatazama mbali, kisha mashine hupeleka mwanga usioonekana na kusoma unavyorudi kutoka kwenye retina, yaani pazia la nyuma ya jicho. Mtu mzima hulegea. Mtoto anajua kabisa kwamba puto liko pale pale mbele ya pua yake, na msuli wake wa kukazia macho una nguvu sana. Akikaza, lenzi ya jicho hunenepa, na mashine huandika kuwa haoni mbali. Imepima sawasawa, ila imepima jicho lililokazwa.

Tochi uliyoiona ni retinoskopu. Mpimaji huchezesha mstari wa mwanga kwenye mboni: ukifuata mkono, anaweka kioo cha kujumlisha, ukienda kinyume, cha kutoa, mpaka mboni nzima iwake kwa mpigo mmoja. Mtoto hutazama mbali, chumba kikiwa na giza, na akikaza macho mwanga hubadilika papo hapo, nami nauona. Kipimo hiki nacho kina makosa yake. Mimi hukaa sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, kwa hiyo mwishoni hutoa 1.50 kwenye namba ya kioo, kufidia umbali huo. Nikisogea hadi nusu mita natakiwa kutoa 2.00, nikisahau, nimekosea nusu nzima, na hakuna karatasi ya kunisahihisha.

Kwa watu wazima mimi huanza na kompyuta kila siku, na tofauti yake na mkono wangu mara nyingi ni 0.25, ambayo haina neno. Kwa watoto naanza na matone yanayolegeza msuli wa kukazia macho. Mwezi uliopita mvulana wa miaka 9 alisoma -1.75 kwenye mashine. Tukamtia matone hayo, saiklopentoleti, akalia kidogo maana inachoma, tukangoja dakika 40. Mashine ile ile ikasema +0.50, retinoskopu +0.75. Hakuhitaji miwani ya kutoa hata kidogo.

Basi mrudishe, na karatasi ya dukani ichukue. Baada ya matone mvalishe kofia, jua litamuumiza, na maandishi ya karibu atayaona ukungu mpaka kesho yake, kwa hiyo isiwe siku ya mtihani. Ikibaki -0.50 baada ya matone, hiyo ni ya kweli, inatosha kumfinyisha macho ubaoni. Apimwe tena baada ya miezi sita, kwa matone yale yale.