Programu ya Marathoni Isubiri, Kwanza Jenga Msingi

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia: "Dada, naomba programu yako ya marathoni, mwakani nataka Kili Marathoni, zile kilomita 42 zenyewe." Nikamuuliza kwa wiki anakimbia kiasi gani. Akajibu: "Bado sijaanza, ndiyo maana naomba programu." Nilicheka, ila si kwa dharau. Maombi ya aina hii yamekuwa mengi tangu Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03. Hata mimi siku ile nilipiga kelele sebuleni mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Lakini tulichokishangilia ni zile mita za mwisho. Miaka aliyokimbia bila kamera hatukuiona, na wala hatukuiulizia.

Haya, tusikilizane. Programu nyingi za marathoni ni za wiki 16 hadi 18, na hazikufundishi kukimbia. Zinategemea zikukute tayari unakimbia mara tatu au nne kwa wiki na huumwi popote. Kilimanjaro Marathoni huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni kabisa mwa Machi. Rudisha hesabu nyuma, utaangukia mwanzoni mwa Novemba au kabla yake kidogo. Kwa hiyo kuanzia masika yanapoisha mpaka Oktoba ni miezi ya msingi, na sisi wa Dar tumependelewa, maana ndiyo miezi ya kipupwe, alfajiri ina ubaridi wa kuvumilika. Anayeanzia sifuri Desemba atakutana na joto la kaskazi, na atalowa jasho akiwa bado anafunga kamba za raba.

Mwaka huu miezi hiyo nimeiheshimu. Nilianza kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo, kutoka Mwenge kwa barabara ya Sam Nujoma mpaka vilima vya Mlimani. Wanafunzi wa chuo wananipita huku wanasema "shikamoo mama," nawaitikia marahaba, wanapotelea mbele. Sikumfukuza hata mmoja. Wiki zilizofuata sina cha kuwasimulia, ni kuamka na kutoka tu. Sasa hivi naweka kilomita 16 bila kusimama, na nikirudi nyumbani nachemsha chai mwenyewe. Niacheni nijisifu kidogo, nimeitolea jasho.

Kipimo changu cha kasi ni umbea. Nakimbia na shoga yangu, na kama habari ya harusi ya watu inasimulika yote bila mtu kuishiwa pumzi katikati, basi kasi ni sahihi. Habari ikikatika, tumezidisha, tunapunguza. Nenda polepole. Sababu ni kwamba moyo na mapafu huzoea mapema, ndani ya wiki chache unajiona una pumzi za kutosha, lakini kano na mifupa huchelewa. Pumzi inakwambia ongeza, unaongeza, halafu ugoko unaanza kuuma na unakaa nje mwezi mzima. Kwa hiyo narudia, polepole.

Sasa niwaambie raha yangu mpya: jimu. Nimehamia moja ya ghorofani, haina kiyoyozi, ina mapangaboi na madirisha mapana. Mashine za kukimbilia zimeelekezwa barabarani, unakimbia huku unawaangalia makonda wanavyogombea abiria. Asubuhi wanapiga taarabu ya zamani, jioni vijana wanaweka singeli, na mimi napenda zote. Kocha ni kijana wa umri wa mwanangu. Siku ya kwanza alinisalimia kwa heshima zote, akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka kupanda Mweka, kile kilima cha Kilimanjaro Marathoni, na kushuka nikiwa hai. Hakucheka, akaenda kuchukua vyuma.

Naisema hiyo "hakucheka" kwa sababu jimu niliyotoka walicheka. Niliomba kufundishwa kunyanyua vyuma, mwalimu akaniambia mbele za watu kwamba vyuma vizito si vya akina mama, nikajiunge na darasa la kupunguza tumbo. Nililipa ada yangu kama wengine pale. Mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili. Watu wananiambia sahau. Nitasahau nikipenda.

Kwa wasioijua njia ya Kilimanjaro Marathoni kule Moshi: unaanzia uwanja wa Ushirika, na baada ya sehemu ya tambarare kuna kupanda kirefu kuelekea Mweka, halafu unashuka kurudi uwanjani. Watu wanaogopa kupanda, wakati kushuka ndiko kunakoiumiza misuli ya mbele ya mapaja, maana inafunga breki kila hatua. Ndiyo maana kocha ananishusha kutoka kwenye boksi kwa mguu mmoja, taratibu, mpaka goti linatetemeka. Kuna na skwati, kuna kunyanyuka kwa vidole kwa ajili ya vigimbi, na kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Mara mbili kwa wiki inatosha, na siku hizo mbio ziwe fupi. Na ziwe za polepole, nimeshasema.

Wanawake wenzangu, hasa mliovuka arobaini, msikubali kupangiwa kona ya jimu. Lipa, ingia, shika chuma. Asiyetaka kukufundisha muache na jimu yake, mji huu una jimu nyingi. Na nyie kaka zangu mnaokimbia kilomita 20 Jumapili moja halafu mnapotea wiki tatu, huko si kujiandaa, huko ni kupiga picha. Bora kilomita tano, kesho kutwa tano, wiki nzima hivyo, kuliko ishirini za kuwarusha roho watu kwenye status. Kama kufika Novemba hujaweza kukimbia saa nzima huku unaongea, jiandikishe 21 au zile 5, na usione aibu. 42 za mwaka unaofuata zitakuwepo.

Jumamosi hii tupo Mlimani, tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Maji kila mtu aje na yake, na mwenye hamu ya kushindana aende Coco Beach.