Habari ya kwenu iulizie mara mbili

Habari yangu ya kwanza kuhusu mtaa niliokulia niliiandika nikiwa nimekaa mezani. Ilikuwa ya bomoabomoa, nyumba zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na katika chumba chote cha habari ni mimi peke yangu niliyezaliwa pale. Ndiyo maana mhariri alinipa. Nilijua kila uchochoro, nilijua kisima cha maji ya chumvi kilipo, kwa hiyo nikapiga simu mbili tatu na yaliyobaki nikayajaza kwa kumbukumbu. Asubuhi gazeti lilipotoka alinipigia mama mmoja muuza maandazi, ambaye nilikula kwake kwa mkopo tangu darasa la pili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Mwanangu, umeandika nyumba ya kwanza kuvunjwa ni ile ya jirani na msikiti. Ya kwanza ilikuwa yangu. Mbona hukuja kuniuliza?"

Miaka imepita. Bado naandika, na jioni nafundisha vijana uandishi wa habari. Ushauri ninaourudia kuliko wote umetokana na simu ile: habari ya kwenu iandike wewe, usimwachie mgeni, ila itolee jasho mara mbili ya habari nyingine yoyote. Ninapotaka wanafunzi waone jambo hilo katika maisha ya mtu, huwasimulia kazi ya Mirta Ojito, mwandishi wa habari wa Marekani.

Ojito alizaliwa Havana, Kuba. Mei 1980, akiwa na miaka 16, alivushwa bahari hadi Florida pamoja na wazazi na mdogo wake wa kike, wakiwa sehemu ya Wakuba wapatao 125,000 walioondoka kupitia bandari ya Mariel mwaka ule. Boti yao iliitwa Mañana, yaani Kesho. Lugha yake ilikuwa Kihispania. Mwaka 1987 akaanza kazi Miami Herald, akaandikia pia El Nuevo Herald la Kihispania, na mwaka 1996 akaingia New York Times. Mwaka 2001 gazeti hilo lilipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa mfululizo wa makala kuhusu mahusiano ya rangi Marekani, naye alikuwa katika timu hiyo. Makala yake ilihusu marafiki wawili wa Kuba, mmoja mweusi na mmoja mweupe, waliokuwa chanda na pete kwao, kisha kila mmoja akajikuta anaishi Miami yake. Baadaye akafundisha uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Columbia.

Lakini ninachotaka wanafunzi wakishike ni namna alivyoirudia safari yake mwenyewe. Msichana wa miaka 16 anajua nini? Anajua yaliyomfika yeye na wa nyumbani kwake. Angeweza kuandika hayo tu, na wasomaji wangelia naye. Yeye alichukua daftari kama ripota aliyetumwa. Alimtafuta nahodha wa boti ile, Mike Howell, mtu wa New Orleans aliyepigana vita vya Vietnam. Akarudi nyuma zaidi, hadi kwa Héctor Sanyustiz, dereva aliyevunja lango la ubalozi wa Peru jijini Havana kwa basi, tarehe 1 Aprili 1980. Siku chache baadaye watu zaidi ya 10,000 walijazana ndani ya ubalozi huo, na huko ndiko mambo ya Mariel yalikoanzia. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka 2005, miaka 25 baadaye. Ninapofika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu namkumbuka mama wa maandazi. Kwake ilikuwa dakika 20 kwa daladala, na sikwenda.

Kuna mtego mwingine, nao nimeuona kwa macho yangu. Ukiandika vizuri habari za kwenu, wahariri watakufanya mtu wa habari za kwenu tu. Ukitoka Lindi, kila korosho ni yako. Usikatae, lakini usifungiwe humo. Ojito hakubaki kwa Wakuba. Marcelo Lucero, mhamiaji kutoka Ekuador, alipouawa na kundi la vijana huko Patchogue, New York, Novemba 2008, Ojito aliandika kitabu kuhusu mauaji hayo, na alikwenda hadi Gualaceo, mji alikotoka marehemu. Uhamiaji aliujua mwilini mwake, ila Ekuador si Kuba, na hakujifanya anaijua. Alikwenda.

Kwa hiyo darasani kwangu zoezi la kwanza ni moja kila mwaka. Nenda nyumbani, chagua tukio moja ambalo familia yenu hulisimulia. Muulize mzazi, kisha tafuta watu wawili wengine waliokuwepo, na karatasi moja yenye tarehe: risiti, cheti, barua, chochote. Wengi hunung'unika kwamba wanakijua kisa hicho tangu utotoni. Nawajibu kwamba ndiyo sababu nimewatuma.

Mwaka jana binti mmoja alileta kadi ya kliniki aliyoikuta kwenye sanduku la mama yake, imekunjika, wino umefifia kuwa rangi ya chai. Kwao siku zote walisema walihamia mjini kwa sababu ya mvua za El Niño, mwishoni mwa 1997. Muhuri wa zahanati ya mjini ulisomeka Februari, miezi mingi kabla ya mvua kuanza. Alibaki darasani wenzake walipotoka. "Mwalimu, sasa mama nimwandike vipi?" Nikamwambia asiandike kwanza. Arudi na kadi, amsaidie mama kazi za jioni, wakimaliza aiweke mezani na amwombe asimulie upya, na asimkatize.

Wiki iliyofuata alirudi na kurasa saba. Mvua haimo.