Barua kwa mwanangu: pesa za kuombea viza ya Uingereza

Mwanangu Hamisi,

Wa aleikum salaam. Umeniuliza uweke shilingi milioni ngapi benki ili usinyimwe viza ya kwenda kumtembelea dada yako Rukia huko Leicester. Umeniambia pia kwamba kuna mtu pale soko la Kisekka, Kampala, aliye tayari kukuazima milioni 20, zikae kwenye akaunti yako wiki mbili, kisha azichukue pamoja na faida yake. Hizo usizipokee. Sababu yake ni ndefu kidogo, na ukiielewa utajua pia namna ya kuandaa karatasi nyingine zote.

Hakuna kiwango kilichowekwa. Kanuni za viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza hazitaji kiasi chochote. Zinataka uwe na uwezo wa kugharamia safari yako bila kufanya kazi kule wala kutegemea misaada ya serikali yao, na uonekane kweli ni mgeni atakayeondoka muda ukiisha. Afisa anayepima hayo kwa kawaida hakuiti kwenye mahojiano. Ana fomu yako na karatasi ulizotuma, basi. Anachukua mapato uliyoyaandika, anatoa matumizi yako ya mwezi, kisha anauliza pesa za safari hii zimetoka wapi.

Fanya hesabu hiyo wewe kabla yake. Tuseme duka la spea linakubakishia milioni 2 na nusu kwa mwezi baada ya pango na mzigo, na nyumbani mnatumia milioni 1 na laki saba. Zinabaki laki nane. Tuseme tena safari ya wiki tatu, tiketi na matumizi, ni milioni 8. Hiyo ni akiba ya miezi kumi. Taarifa ya benki ikionyesha pesa zikipanda kidogo kidogo kwa kadiri hiyo, hesabu imekubali, hata kama salio lote ni milioni 9 tu. Lakini ikionyesha laki mbili tatu mwezi baada ya mwezi, halafu milioni 20 zinaingia kwa mkupuo siku chache kabla ya maombi, afisa ataandika kwamba hajui zimetoka wapi na haamini kuwa ni zako. Kwa hiyo milioni 20 za kuazima zinakudhuru kuliko kutokuwa nazo. Na zaidi ya hapo ni deni, mwanangu, tena la riba.

Ikiwa kweli una pesa nyingi zilizoingia mara moja, kwa mfano umeuza pikipiki au umepokea zamu yako ya chama, hilo si kosa. Weka mkataba wa mauzo au barua ya chama, na kwenye barua yako ya maelezo taja tarehe na kiasi kile kile kinachosomeka benki.

Najua shida yako ya kweli ni nyingine: biashara yako haipiti benki. Wateja wanalipa taslimu au kwa simu, na jioni unanunulia mzigo. Karatasi zitakuonyesha kama mtu asiye na kipato, ilhali unacho. Kwa hiyo anza sasa, na usiombe mpaka ifike miezi sita hivi. Kila wiki peleka mauzo benki, hata kwa wakala, ingawa kesho yake utayatoa kununulia bidhaa. Akaunti ya duka na ya kwako binafsi zitenganishe ukiweza. Ukishindwa, basi eleza. Kwa pesa za simu, omba taarifa rasmi ya miezi sita kutoka MTN au Airtel, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Picha za ujumbe kwenye skrini hazitoshi. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mkeo, isahihishe kwanza.

Kisha biashara yenyewe. Tuma cheti cha kusajili jina la biashara kutoka URSB, ofisi ya usajili wa biashara, leseni ya biashara ya mwaka huu kutoka KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, namba yako ya mlipa kodi (TIN), ritani za kodi ulizopeleka URA, mamlaka ya mapato, na mkataba wa pango la duka. Hapo kwenye ritani watu wengi hukwama. Mwenye mauzo kati ya milioni 10 na 150 kwa mwaka hulipa ile kodi ya wafanyabiashara wadogo, na wengi hutangaza mauzo madogo ili walipe kidogo. Ukiiambia URA kwamba mauzo ya mwaka mzima ni milioni 15, kisha ukaandika kwenye fomu ya viza kwamba faida peke yake ni milioni 2 na nusu kwa mwezi, umejipinga mwenyewe kwa karatasi mbili zenye sahihi yako. Tangaza ukweli URA, lipa, halafu tumia takwimu hizo hizo.

Afisa atataka pia kujua duka litakuwaje ukiwa safarini. Taja anayebaki. Wiki tatu zinaeleweka kwa mwenye duka. Viza inaruhusu kukaa hadi miezi 6, lakini ukiomba miezi 6 yote utaulizwa ni biashara gani inayoweza kukaa nusu mwaka bila mwenyewe. Weka vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya shule yao. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, inasaidia kuonyesha unakoishi na familia yako, ila usiitegemee kubeba maombi, kwa sababu haithibitishi kipato. Hati ya kile kibanja, kipande chetu cha ardhi cha hapa Bombo, nayo iweke, lakini imeandikwa kwa Kiganda. Karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza au Kiwelisi lazima iambatane na tafsiri kamili, na mfasiri athibitishe kuwa ni sahihi, aandike tarehe, jina lake kamili, sahihi na namna ya kumpata. Tafsiri isiyo na maelezo hayo wanaweza kuiacha bila kuisoma.

Sasa dada yako. Akuandikie barua fupi ya mwaliko: yeye ni nani kwako, utakaa kwake tangu lini hadi lini, nani analipa nini. Kama tiketi anailipa yeye, iandikwe kwenye barua yake, kwenye barua yako na kwenye fomu, kwa kiasi kile kile. Atume nakala ya pasipoti yake au uthibitisho wa kibali chake cha kukaa, hati za mshahara za miezi ya karibuni, taarifa ya benki, na mkataba wa nyumba. Nyumba ikiwa na vyumba viwili na watu watano, aseme utalala wapi.

Kuna sentensi moja ya kuangalia sana. Najua Rukia amejifungua, na huenda akaandika kwamba unakuja na mkeo kumsaidia kulea. Jamaa kumshika mtoto akiwa mgeni wa muda mfupi hakukatazwi. Lakini kama mpango ni mkeo abaki na mtoto ili Rukia arudi kazini, hiyo inaweza kuhesabika ni kazi ya ulezi, na viza ya mgeni hairuhusu kazi, ilipwe isilipwe. Amueni ukweli wa safari kwanza, ndipo muuandike. Nawe kama unataka kupita kwa wauzaji wa spea kule, kuonana nao, kukagua mali na kufanya makubaliano kunaruhusiwa. Sema tu kwenye barua. Kusimama dukani kwa mtu hata siku mbili ni marufuku.

Undugu wenu pia lazima uthibitishwe, na hapa sisi watu wa Uganda tuna tatizo letu: mara nyingi ndugu wa tumbo moja hawana jina la ukoo la pamoja. Afisa anaona wewe una jina hili na Rukia lile, anajiuliza undugu uko wapi. Pelekeni vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, vya NIRA, ile ofisi ya vitambulisho na usajili wa watu, vyenye jina langu na la baba yenu. Cha kwako kiangalie vizuri, maana herufi za jina langu hazifanani na zilizo kwenye kitambulisho changu cha taifa. Tukisahihishe kabla ya kuomba, au tule kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Linganisha vivyo hivyo majina yako kwenye pasipoti, kitambulisho, benki na URSB.

Usifikiri wingi wa karatasi ni nguvu. Mwongozo wao rasmi unataja karatasi ambazo hazina faida kwa mgeni: vyeti vya shule, leseni ya udereva, kadi ya gari, picha za familia, taarifa za benki zilizopita mwaka mmoja, nafasi za hoteli na za ndege. Mtu anayekutoza laki tatu akutengenezee tiketi ya bandia anakuuzia kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Tiketi usinunue mpaka viza itoke. Kwenye fomu unaandika tarehe unazokusudia, inatosha.

Fomu iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, na mlango ni huo tu. Unaweza kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Tangu Aprili 2025 ada ya viza ya hadi miezi 6 ilikuwa pauni 127, yaani kama shilingi laki sita. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo fuata ile utakayoiona siku ya kulipa. Ziko viza za miaka 2, 5 na 10, ghali zaidi, lakini kila safari bado ni hadi miezi 6. Kwa safari ya kwanza omba ile fupi.

Jaza mwenyewe, usimwachie wakala. Itakuuliza mapato, matumizi, gharama ya safari, tarehe za kuzaliwa za wazazi, nchi ulizotembelea, na kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Ile ya Kanada uliyonyimwa iandike, na sababu yake. Uingereza, Kanada, Marekani, Australia na New Zealand hubadilishana habari za waombaji, pamoja na alama za vidole. Kunyimwa si dhambi, kuficha ndiko kunakoua maombi. Karatasi moja ya uongo inatosha kukunyimisha viza hata kama aliyeiweka ni wakala bila wewe kujua. Na wakiona ulidanganya kwa makusudi, maombi yako yanaweza kukataliwa kwa miaka 10. Wakala atabadili namba ya simu. Jina litakalobaki kwenye kumbukumbu zao ni lako.

Ukishalipa, unachagua siku ya kwenda kituo cha maombi Kampala kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Karatasi unaweza kuzipakia mwenyewe kwenye mtandao kabla ya siku hiyo bila malipo. Ziskani kwa rangi, zisomeke mpaka pembeni, kila fungu peke yake: pesa, biashara, familia, dada. Kituoni utaelezwa huduma za ziada za kulipia, kama vile kuskaniwa karatasi au ujumbe wa simu. Hakuna hata moja inayogusa uamuzi, na wanaokupokea pale hawaamui chochote. Ukishatoa alama za vidole, ada hairudi. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki tatu tangu siku hiyo.

Wakikunyima, utapata barua yenye sababu. Viza ya mgeni ya kawaida haina rufaa, ila unaweza kuomba tena wakati wowote kwa ada mpya. Watu hurudi wiki ile ile na karatasi zile zile, wakitumaini afisa mwingine. Huyo mwingine ana ile barua ya kwanza mbele yake. Wewe isome mstari kwa mstari na uombe tena siku utakapokuwa na karatasi inayojibu kila mstari. Kama walisema hawakuona pesa zimetoka wapi, dawa yake ni miezi ya taarifa safi, na hiyo haina njia ya mkato.

Viza ikitoka, beba kwenye mkoba wa mkononi nakala za barua ya Rukia, anwani yake, namba yake ya simu na tiketi ya kurudi. Afisa wa mpakani bado ana haki ya kukuuliza, na majibu yako yafanane na fomu. Hifadhi nakala ya fomu tangu siku ya kuituma, uisome usiku wa kuamkia safari.

Kwanza nenda benki kesho ufungue akaunti ya duka, halafu nitumie picha ya cheti chako cha kuzaliwa upande wenye jina langu. Ijumaa nitashuka NIRA na kitambulisho changu.

Mama yako,
Bombo