Nina elfu 60 tu, nianze biashara gani chuoni?

SWALI: Shikamoo dada, nasoma UDOM mwaka wa pili. Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiingia wiki tatu limeisha, na nyumbani sitaki kuwasumbua, mama anauza mboga na ana wadogo zangu wawili. Nimejibana nikapata elfu 60, nataka kuuza juisi ya zabibu hosteli ila friji sina, kuna mtu kakubali kunikopesha laki 4 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Nichukue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Asilimia 20 ya laki 4 ni elfu 80 kila mwezi, yaani riba peke yake inaupita mtaji wako wote kabla hujauza hata glasi moja. Halafu zabibu za Dodoma zina misimu miwili, ule wa mwezi wa 2 na wa 3 mpo chuo sawa, ila wa mwezi wa 8 na wa 9 wateja wako wamerudi makwao Bukoba na Mtwara, friji limekaa tu na deni linatembea.

Anza na kitu kisichooza, ubuyu. Jumamosi panda daladala nenda soko la Majengo, chukua ubuyu wa mbegu kilo chache, sukari, iliki, pilipili kidogo na rangi ya chakula, kapikie kwa rafiki mwenye geto Ng'ong'ona mchangiane gesi. Kazi yote iko kwenye shira, ichemke mpaka iwe nzito ndo umwage ubuyu, ugeuze chapchap moto ukiwa mdogo, shira ikiwa nyepesi unalowana na kugandana kwenye pakiti na kesho hakuna anayenunua. Mara ya kwanza tumia elfu 20 tu, ukiunguza sufuria unarudi sokoni tena.

Sasa hapa nisikilize sana. Mimi chuoni niliuza karanga, zikaisha siku mbili nikafurahi kweli, kumbe nusu nimekopesha, kila mtu "nakulipa boom likitoka", na likitoka mtu anadaiwa na mama ntilie, anadaiwa na mwenye nyumba, wewe wa karanga unakuwa wa mwisho, mtaji wangu ukaisha hivyohivyo. Rafiki akikwama mpe pakiti moja ya bure, ila daftari la madeni usifungue kabisa. Hela ya biashara ikae laini nyingine ya simu, na pakiti ulizokula mwenyewe andika pia.

Kodi isikutishe, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakadiriwi kodi ya mapato, na TIN inatolewa bure. Muulize tu mlezi wa hosteli kama kuuza ndani kunaruhusiwa.

Juisi sijakukataza. Zabibu zikianza kuvunwa na una laki yako mwenyewe, nunua deli na barafu, uza mchana watu wakitoka vipindi.